Mkono Mmoja Haulei Mwana: Tuzisaidie Familia za Watoto wenye Mtindio wa Ubongo

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya twataka kuzungumzia jambo lililopo karibu katika kila kijiji na kila mtaa, lakini ambalo aghalabu hufungiwa chumba cha ndani. Ni habari ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na hasa habari ya wazazi wanaowalea. Watu wakisikia kuna mtoto wa namna hii huuliza, "Ana nini?" Ni wachache waulizao, "Mama yake alilala saa ngapi jana? Nani humpokea mtoto ili naye apate kuoga na kula?" Basi somo letu lina sehemu mbili. Kwanza tuifahamu hali yenyewe na jinsi ya kumtunza mtoto, na pili tuone kila mmoja wetu aweza kufanya nini.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Ni hali inayotokea pale ubongo wa mtoto unapoumia wakati bado unakua. Ubongo ndio unaoamuru misuli. Ukiumia, amri hazifiki vizuri, na kwa hiyo viungo hukakamaa, au hulegea, au hujinyonganyonga bila mtoto mwenyewe kutaka. Duniani kote hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayoleta ulemavu wa viungo utotoni.

Ubongo waweza kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au baadaye. Sababu zinazojulikana ni nyingi: mtoto kukosa hewa kwa sababu uchungu umekuwa mrefu mno, kuzaliwa njiti, umanjano mkali wa siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, malaria kali inayopanda kichwani, au kuumia kichwa. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa.

Hapa twapenda kusisitiza mambo mawili. La kwanza, jeraha la ubongo haliongezeki kadiri miaka inavyokwenda, wala hali hii haiambukizi. La pili, si kila mtoto asiyeweza kusema hana akili. Wapo wengi ambao akili zao ni timamu kabisa ila midomo na mikono yao haiwatii. Husikia kila neno tunalolisema mbele yao, pamoja na yale ya kuwadharau.

Dalili za kuangalia

Mama anayenyonyesha na wahudumu wa kliniki waangalie mapema. Mtoto apelekwe kuchunguzwa ikiwa:

1. Amefikisha miezi 4 na hawezi kukaza shingo.
2. Amefikisha miezi 9 na hawezi kukaa bila kushikiliwa.
3. Miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi anapoinuliwa, au mwili ni mlegevu mno.
4. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, na mwingine ameukunja ngumi.
5. Hupaliwa mara kwa mara anaponyonya, au kunyonya humchosha.

Dalili moja peke yake si hukumu, lakini yatosha kumfikisha mtoto kituo cha afya. Tusiwaambie akina mama, "Subiri, ataacha mwenyewe." Mtoto anayeanza kusaidiwa kabla ya miaka 2 hupata nafasi nzuri zaidi ya kujifunza, kwa kuwa ubongo wake bado unakua.

Hakuna wa kulaumiwa

Katika nyumba nyingi maumivu ya kwanza hayatoki kwa mtoto bali kwa maneno ya watu. Husemwa kwamba mama amevunja mwiko, ametembea nje ya ndoa, amerogwa na wifi, au ukoo wake una mkosi. Wako akina baba wanaoondoka kwa sababu ya maneno haya, na wako akina mama wanaotembezwa kwa waganga mpaka mbuzi wa mwisho akauzwa, huku miezi ya thamani ikipita.

Tuseme wazi: mtindio wa ubongo hauletwi na laana, uchawi wala dhambi ya mzazi. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Anayecheka leo hajui homa ya kesho itampata mtoto wa nani.

Jambo la kwanza: kumlisha vizuri

Mzazi akiuliza aanzie wapi, twamjibu: anzia kwenye kijiko. Watoto wengi wenye hali hii hawafi kwa ajili ya ubongo wenyewe. Hufa kwa utapiamlo, au kwa nimonia inayotokana na chakula kuingia njia ya hewa. Na mara nyingi chakula huingia huko kwa sababu mtoto amelishwa akiwa amelala chali, kichwa kimeangukia nyuma, na uji ukimiminwa mdomoni.

Yafaa tufanye hivi:

Mtoto akalishwe wima, mapajani au kwenye kiti, kichwa kikiwa katikati na kidevu kimeinama kidogo mbele. Mlishaji akae mbele yake, macho kwa macho, wala asisimame juu yake. Kijiko kidogo kitoke mbele, kwa usawa wa mdomo, na chakula kiwekwe juu ya ulimi. Asubiri mpaka mtoto ameze, kisha ndipo atie kijiko kingine. Chakula laini na kizito kiasi, kama ndizi zilizopondwa, viazi, maharage yaliyochujwa au uji mzito wenye karanga zilizosagwa vizuri, humezwa kwa urahisi kuliko maji maji. Kijiko cha mafuta au maziwa huongeza nguvu pasipo kuongeza wingi wa chakula. Akimaliza, abaki wima kwa muda wa nusu saa.

Mlo mmoja waweza kuchukua saa nzima. Basi ni vema kumpa kidogo kidogo, mara 5 au zaidi kwa siku. Hebu tupige hesabu: saa ngapi za mama huishia kwenye kijiko tu? Ndiyo maana tunasema mama huyu hawezi kuwa peke yake.

Kumkalisha, kumbeba na kumfundisha

Mtoto akilazwa chali siku nzima, viungo hukakamaa, makalio hupata vidonda, kifua hujaa makohozi, na macho yake huona paa tu. Abadilishwe mkao mara kwa mara: kwa ubavu na mto katikati ya miguu, kifudifudi akiwa macho na mtu yuko karibu, kisha kukaa akiwa ameegemezwa.

Anayekakamaa miguu abebwe akiwa ametanua mapaja, ubavuni mwa mbebaji au mgongoni. Hivyo miguu haipishani, naye hukaza shingo aone watu.

Viti maalumu vya dukani ni ghali, lakini fundi seremala wa kijijini aweza kutengeneza kiti cha pembeni chenye meza ndogo na mkanda wa kitambaa. Upo pia ufundi ulioanzia Zimbabwe, wa kutengeneza viti imara kwa maboksi, magazeti makuukuu na gundi ya uji wa unga. Vipande hubandikwa tabaka juu ya tabaka, hukaushwa barabara, kisha hupakwa vanishi ili maji yasipenye. Lililo muhimu ni kwamba kiti kilingane na kipimo cha mtoto mwenyewe: nyayo zikanyage, magoti na nyonga zikunjwe, na mgongo upate egemeo.

Mazoezi yasiwe kazi ya pekee ya mama kuongezewa juu ya kazi nyingine. Yafanyike ndani ya shughuli za siku: wakati wa kumvisha shati aambiwe ainue mkono, wakati wa kuoga atajiwe viungo, wakati wa kula achague kati ya ndizi na embe kwa kutazama. Tuepuke kumchua kwa nguvu au kumnyoosha mpaka alie. Kufanya hivyo humuumiza bure, na kwaweza hata kumvunja mfupa.

Degedege isipuuzwe

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupata pia kifafa. Degedege ikianza, mtoto alazwe kwa ubavu, vitu vya kumuumiza viondolewe, wala asitiwe kijiko au kitambaa mdomoni. Ikipita dakika 5, akimbizwe hospitali. Akiandikiwa dawa za kila siku, zisikatizwe ghafla hata kama degedege zimekoma, maana kuacha ghafla huzirudisha kwa nguvu zaidi. Hapa jirani aweza kusaidia sana kwa jambo dogo tu, kama kumchukulia mama dawa anapokwenda mjini.

Mama naye ana mwili

Mtoto wa mwaka mmoja ni mwepesi. Mtoto huyo huyo akifikisha miaka 10 aweza kuwa na kilo 20 au zaidi, naye bado abebwa kwenda chooni. Akina mama wengi huharibika migongo. Wajifunze kupiga magoti na kumsogeza mtoto karibu na kifua kabla ya kunyanyuka, na mtoto anapozidi kukua wawe watu wawili.

Zaidi ya mgongo kuna moyo. Mama asiyelala, asiyetembelewa, anayesikia minong'ono sokoni, aweza kuingia katika sonona. Hukosa hamu ya kula, hulia bila sababu, hutamani afe yeye na mtoto wake. Akisema maneno hayo tusimkemee kwamba hana imani. Tukae naye, tumpokee mtoto, na tumsindikize kwa mganga wa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Baba, ndugu na majirani

Methali yetu yasema, mkono mmoja haulei mwana. Lakini ipo nyingine inayotusuta: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo tusioubeba sisi huonekana mwepesi.

Baba hana budi kujua kumlisha na kumbeba mtoto wake, si kutoa fedha tu. Aende naye kliniki angalau mara moja, asikie kwa masikio yake, ili nyumbani wawe na neno moja.

Bibi na babu ndio wenye sauti katika ukoo. Neno lao moja, "Huyu ni mjukuu wetu," hunyamazisha maneno mia.

Ndugu zake wamsaidie, lakini msichana mkubwa asiachishwe shule ili awe yaya. Wapewe nao muda wa mama, wasije wakamchukia mdogo wao.

Majirani wasimwulize mama, "Tukusaidie nini?" kisha wakaenda zao. Waseme, "Jumanne na Ijumaa nitakaa na mtoto saa mbili, nenda shambani au ukalale." Ndoo mbili za maji, kuni, nauli ya kliniki, kumfulia nepi: haya ndiyo mambo yanayoponya.

Wazazi wenyewe wakutane. Wakiwa 5 au 6 wa mitaa ya karibu, wakutane mara moja kwa mwezi na watoto wao, wafundishane kulisha, waazimane viti, waanzishe mfuko mdogo wa nauli. Mama akimwona mwenzake aliyefika mbali hupata nguvu ambazo daktari hawezi kumwandikia.

Tuongeze onyo moja. Mtoto asiyeweza kukimbia wala kusema ni rahisi kudhulumiwa. Asifungiwe ndani peke yake, wala asiachwe na mtu yeyote tu. Akionekana kuogopa mtu fulani, tusimpuuze.

Hospitali, shule na sheria

Safari ianzie zahanati, na mzazi aombe barua ya rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Zipo pia hospitali zenye uzoefu mkubwa wa watoto hawa, kama CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi. Mzazi aulize mapema bei na siku za kliniki, asije akasafiri bure. Pia asidanganywe na watu wanaouza dawa ya "kuponya kabisa". Dawa ya namna hiyo haipo. Kilichopo ni msaada wa kila siku unaomwezesha mtoto kufika pale anapoweza kufika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania zakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na zatambua haki yake ya matibabu na elimu. Kwa hiyo mzazi akikataliwa shuleni asirudi nyumbani kimya. Aende na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na afisa ustawi wa jamii, kwa afisa elimu. Mara nyingi kinachozuia ni ngazi mbili mlangoni au choo chembamba, mambo ambayo kamati ya shule na mifuko michache ya saruji yaweza kuyamaliza.

Na kinga?

Si kila mtindio wa ubongo unaweza kuzuiwa, lakini mwingine waweza. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ajifungulie kituoni. Nauli ya dharura iwekwe akiba mapema. Mtoto akionekana wa manjano katika saa 24 za kwanza, au umanjano ukifika viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali mara moja, kwani kumwanika juani hakutoshi. Homa kali na shingo kukaza visingoje asubuhi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika mtaa wetu ni nyumba ngapi zenye mtoto wa namna hii? Tunawajua kwa majina, au kwa ulemavu wao?
2. Ni maneno gani tunayoyatumia kuwaita, nasi yafaa tuyaache?
3. Wiki hii, nani kati yetu atakwenda kumpokea mtoto saa mbili, na siku gani? Tuandike jina na siku kabla hatujatawanyika.