Gamba Jeupe Bombani: Kijitabu cha Kaya za Dodoma na Nyanda za Kati

Katika vijiji vingi vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Manyoni, koki ya kituo cha kuchotea maji haikai muda mrefu kabla mdomo wake haujavaa gamba jeupe lisilokwaruzika kwa ukucha. Sufuria ya chai huota utando wa rangi ya chokaa, sabuni ya mche inaliwa upesi bila kutoa povu la maana, na kunde zinagoma kuiva mpaka kuni zinakwisha. Watu wakichoka husema maji haya ni mabaya, na ndoo inaelekea lamboni, ambako maji ni laini, chai yake ni nzuri na povu linafurika. Hoja ya kijitabu hiki ni kwamba hatari yenyewe ni hiyo safari ya lamboni. Ugumu wa maji haujathibitika kuwa chanzo cha ugonjwa. Ugonjwa huja kwa yale tunayoyafanya ili kuukwepa ugumu huo.

Tuanze na asili yake. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na jua lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko hayo. Mvua inayozama ardhini hubeba hewa ukaa kutoka kwenye udongo, ikawa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha chokaa iliyomo kwenye udongo na kwenye nyufa za miamba. Ndiyo maana maji ya visima virefu huja na kalsiamu na magnesiamu, awe mtumiaji wa kijijini au wa jijini, maana Dodoma mjini nako kumeishi kwa visima vya bonde la Makutupora kwa miongo mingi. Chini ardhini chokaa hiyo imetulia ndani ya maji. Pampu ikiyapandisha, mgandamizo ukapungua, bomba jeusi lililolala juani likayapasha moto, hewa ukaa inatoroka na chokaa inarudi kuwa jiwe. Hugandia pale maji yanapopata joto, yanapodondoka na yanapokauka: ndani ya birika, kwenye valvu ya boya la tangi, na kwenye koki inayovuja tone moja moja usiku kucha.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kabonati katika lita moja. Maji yakivuka 180 huhesabiwa kuwa magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Linachosema ni kwamba yakipita takriban 200, magamba huanza kuota kwenye mabomba na matangi. Hapo ndipo swali la mawe ya figo hujitokeza, nalo ni swali la haki, kwa sababu anayeona jiwe ndani ya birika lazima ajiulize kinachotokea ndani ya mwili. Lakini figo si birika. Mawe mengi ya figo yana kalsiamu iliyoshikana na okzaleti, dutu inayotoka kwenye vyakula kama mchicha, na kalsiamu inayonywewa pamoja na chakula huikamata okzaleti hiyo ndani ya utumbo ikatoka na choo kabla haijafika kwenye figo. Ushahidi uliopo hautoshi kuyahukumu maji magumu. Ushahidi ulio wazi ni kwamba kunywa maji machache kunaongeza mawe, na katika joto la nyanda za kati anayepunguza kunywa kwa kuogopa ladha ya chokaa anajiweka pabaya zaidi. Aliyewahi kuugua mawe afuate maelekezo ya daktari wake.

Sasa tuyaangalie maji ya lambo. Ng'ombe huyanywa na kuyakanyaga, na mvua za kwanza huyajaza kinyesi kutoka vichakani. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya Bara, Dodoma ikiwemo, na vimelea vyake havijali kama maji ni laini au magumu. Vinachohitaji ni maji yaliyochafuliwa. Ushahidi mwingine uko Kongwa, wilaya ambayo watafiti wa trakoma, ugonjwa wa vikope, wanaifahamu vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini peke yake na vile vilivyopewa mafuta hayo pamoja na kampeni kali ya kunawisha watoto nyuso. Watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na trakoma kali kuliko wenzao. Kwa kaya yenye maji magumu, funzo ni kwamba uso wa mtoto hauhitaji povu. Maji kidogo ya bombani, hata yasiyotoa povu, yanatosha kuondoa tongotongo na makamasi yanayowavuta nzi. Mama anayeahirisha kunawisha watoto mpaka apate maji laini anaahirisha kinga.

Atakayesema kwamba maji magumu yanakula sabuni na kuni anasema kweli, na hapa kaya ina la kufanya. Chukua chupa mbili safi, moja ya maji ya bombani na nyingine ya maji ya mvua, tia kila moja kipande sawa cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa, zitikise. Ya mvua itajaa povu. Ya bombani itageuka maziwamaziwa na kuacha mabonge juu. Mabonge hayo ni sabuni iliyoshikwa na chokaa, nayo ndiyo hung'ang'ania kwenye nguo nyeupe. Sabuni ya unga haisumbuliwi sana na chokaa, kwa hiyo ndiyo ya kufulia. Maji ya mvua yapangiwe kazi zake: paa la bati la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 550 na tukitoa sehemu ya tano inayopotea, linakusanya lita 17,600 kwa msimu. Kaya chache zina tangi la kuhifadhi kiasi hicho, lakini hata pipa moja linatosha kuchemshia kunde na kusuuzia nguo. Maji ya dakika za mwanzo za kila mvua yamwagwe, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Njia ya mkato jikoni ni magadi, na hapa nasema wazi kwamba siipendi. Ni kweli magadi huiangusha chokaa na kulainisha kunde na mlenda. Lakini magadi ya asili yanayouzwa minadani mara nyingi hubeba floridi nyingi, na watafiti nchini wamehusisha matumizi yake na meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia hata pale ambapo maji yenyewe yana floridi kidogo. Kulowesha kunde usiku kucha katika maji ya mvua au yaliyochemshwa yakatulia ni bora kuliko kijiko cha magadi.

Kuchemsha nako kueleweke. Moto huua vimelea na kuangusha sehemu ya chokaa. Acha maji yatulie, kisha mimina yaliyo safi juu. Vipande vyeupe vinavyobaki chini si uchafu. Ila chumvi, floridi na naitreti haziondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe hubaki zimekolea zaidi. Kwa kuua vimelea tu, klorini ni nafuu kuliko mkaa, na inafanya kazi kwenye maji magumu pia. Kinachoidhoofisha hasa ni tope, jambo ambalo maji ya lambo yanalo tele.

Upande wa mabomba, hesabu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Bomba lenye uwazi wa milimita 20 likiota gamba la milimita 3 pande zote linabaki na 14, yaani nafasi ya maji kupita inashuka chini ya nusu. Foleni inakuwa ndefu, lawama zinaenda kwa pampu, na wenye haraka wanarudi lamboni. Gamba lenye mikwaruzo pia huwapa vijidudu mahali pa kujishikiza. Kwa hiyo mabomba yachimbiwe chini badala ya kuachwa juani, koki zinazovuja zitengenezwe siku hiyo hiyo, na fundi aweke yunioni kwenye sehemu zinazoziba upesi ili zifunguliwe bila kukata bomba. Koki na valvu ya boya zivuliwe, zilowekwe kwenye siki usiku mzima, zisuguliwe kwa brashi na kusuuzwa. Birika linatakata kwa siki au maji ya ndimu yaliyopashwa moto. Asidi ya betri isitumike kamwe: inaunguza ngozi na macho, inakula mabati ya bomba, betri iliyotumika huacha risasi ndani yake, na ikikutana na chokaa hujenga gamba jingine la jasi. Wala siki au asidi yoyote isichanganywe na jiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Wapo watakaouliza kwa nini kijiji kisinunue mtambo wa kulainisha maji. Mitambo ya kawaida huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, huhitaji chumvi ya kuirudishia nguvu kila mara, na humwaga maji ya chumvi. Kwa wenye shinikizo la damu sodiamu hiyo si zawadi, na kwa kijiji gharama yake ingetosha kununua koki na mabomba kwa muda mrefu. Fedha hizo ziende kwenye vipuri, na ni haki ya kila mchangiaji kuuliza kwenye mkutano wa chombo cha watumia maji kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, ni kiasi gani kimetengwa kwa vipuri mwaka huu.

Swali la pili la kuuliza mkutanoni ni kuhusu vipimo. Gamba linaonekana, lakini floridi na naitreti hazina rangi wala ladha. Floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto na, ikiwa nyingi kwa miaka mingi, mifupa. Naitreti, ambayo imekutwa kwenye visima vya Dodoma na hutoka zaidi kwenye vyoo na mazizi, ni hatari kwa watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya unga. Kisima kisicho na gamba kinaweza kuwa na vyote viwili. Sampuli ipelekwe maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji kabla kisima kipya hakijaanza kutumika na mara kwa mara baada ya hapo, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.