Somo: Kitabu cha Urithi cha Mdudu wa Kolera

Mdudu wa kolera ni mdogo sana. Jicho haliwezi kumwona pasipo mikroskopi. Amepinda kidogo, naye ana mkia mmoja wa kuogelea. Mganga Robert Koch wa Ujerumani alimtenga huko Calcutta mwaka 1884. Katika somo hili tutaona jinsi wataalamu walivyosoma urithi wake, na faida yake kwetu sisi tunaoteka maji ziwani na mtoni.

1. Mdudu huyu anakaa wapi?

Wadudu wengi wa magonjwa hukaa katika mwili tu. Huyu ni tofauti, maana anaweza kuishi katika maji bila mtu. Hupenda mahali maji ya mto yanapokutana na bahari, lakini huonekana hata katika mito na maziwa. Hushikamana na maganda ya wanyama wadogo mno wa majini, jamaa za uduvi. Kwa hiyo usiseme, «Maji haya yanang'aa, hayana neno.» Kifo chaweza kuwa ndani yake.

2. Kitabu kilisomwaje?

Kila kiumbe kina maagizo ya maisha yake, ambayo mzazi humpa mtoto. Maagizo hayo ni kama maandishi marefu ya herufi nne tu. Yote pamoja huitwa jenomu.

Wataalamu wa Marekani walivunja uzi wa urithi wa mdudu huyu kuwa vipande vingi, wakasoma kila kipande kwa mashine. Kisha walilinganisha mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine, kama mtu anayeunga barua iliyoraruka. Mwaka 2000 walitangaza kazi yao: herufi 4,033,460.

Tena, wadudu wengi wa namna hii wana kitabu kimoja tu. Huyu ana viwili: kikubwa chenye herufi karibu milioni 3, na kidogo chenye milioni 1 na zaidi.

3. Sumu yatoka wapi?

Mwaka 1996 Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba maagizo ya sumu ya kolera huletwa na virusi, vinavyoingia katika mdudu na kujiandika ndani ya urithi wake. Mdudu asiye na maagizo hayo hatengenezi sumu hiyo. Sumu hufungua matumbo, maji na chumvi za mwili zikamwagika nje. Mtu mwenye nguvu asubuhi aweza kufa kabla ya jua kushuka.

4. Kitabu chaonyesha njia

Kolera ya siku zetu ilianza kuenea kutoka Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika mwaka 1970. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba wamelinganisha urithi wa wadudu 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika. Waliona kwamba tangu 1970 kolera hii imeletwa Afrika kutoka nje mara 11 au zaidi. Basi maji peke yake si mwenye kosa. Watu humchukua mdudu matumboni mwao katika safari zao, na choo kibaya humrudisha majini.

5. Tufanye nini?

- Chemsha maji ya kunywa, au tia dawa ya klorini.
- Ukikosa kuni na dawa, chuja maji kwa kitambaa safi cha zamani, kilichokunjwa mara nyingi. Katika vijiji vya Bangladesh desturi hii ilipunguza kolera karibu nusu (1 kwa 2). Lakini kuchemsha kunapita.
- Tumia choo, ukifunike. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.
- Mtu akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, usingoje kesho. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Umnyweshe kidogo kidogo, hata njiani mkimpeleka hospitali. Mama asiache kunyonyesha mtoto.

Maulizo

1. Kwa nini maji meupe yaweza kuleta kolera?
2. Mdudu wa kolera ana vitabu vingapi vya urithi?
3. Nani humchukua mdudu toka nchi hata nchi?
4. Nyumbani kwako, nani ajua kuchanganya maji ya sukari na chumvi? Mfundishe mwingine leo.