Mraba Urukao Miiba: Hukumu ya Mchezo wa Simu, na Somo Lake kwa Walimu wa Chuo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Suala lililoletwa katika darsa yetu ya Isiolo ni hili: Je, yajuzu mtoto wa Kiislamu kucheza katika simu ile michezo ya mraba uendao mbio wenyewe na kuruka miiba? Na ikiwa mtoto huanguka humo mara mia asichoke, na chuoni akikosea aya moja mara tatu huvunjika moyo, mzazi afanye nini?

Wasomaji wetu wa pwani wataona ya kwamba suala hili si la Isiolo peke yake. Kwa miaka mingi lami iliishia katika mji wetu huu, na leo barabara yafika Moyale. Lakini simu imefika hata pasipo na barabara. Mtoto wa Bula Pesa na mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa wacheza mchezo mmoja.

Suala lina sehemu mbili. Watu wengi huijibu ya kwanza wakaiacha ya pili, na ya pili ndiyo nzito.

Mchezo wenyewe ni nini

Wanazuoni wetu wametufundisha ya kwamba kulihukumu jambo hutanguliwa na kulifahamu. Basi na tuufahamu.

Mchezo uliotajwa zaidi katika darsa ni ule uitwao Geometry Dash. Uliutungwa na Mswidi mmoja, Robert Topala, ukatolewa mwezi wa Agosti mwaka 2013. Kabla yake, mwaka 2009, ilikwisha kutoka michezo ya namna hiyo, kama Canabalt na The Impossible Game. Picha zake ni sahali mno: miraba, matofali na pembe tatu zilizochongoka mfano wa miiba. Mraba mdogo wenda mbio wenyewe wala hausimami. Kazi ya mchezaji ni moja tu, kugusa kioo cha simu ili mraba uruke. Akigusa mapema au akichelewa kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, mraba hugonga mwiba ukavunjika, naye hurudishwa mwanzo wa njia. Kioo humwandikia hilo ni jaribio la ngapi, na katika njia nzima amefika sehemu ngapi katika mia. Kisha huanza tena, papo hapo.

Ni mchezo mgumu, na ugumu wake umekusudiwa. Mtu aweza kurudi mwanzo mara mia nne kwa njia isiyozidi dakika mbili.

Hukumu yake

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa tangu zamani katika darsa za pwani yetu, ameuhesabu mchezo wa nardi, nao ni wa kete za kurushwa, kuwa ni haramu kwa kauli iliyo sahihi. Ama sataranji ameihesabu kuwa ni makuruhu. Na ikishurutishwa mali kutoka pande zote mbili, hiyo ni kamari. Wanazuoni wa madhehebu yetu wakabainisha tofauti yake: nardi imejengwa juu ya bahati, na sataranji imejengwa juu ya hisabu na fikra.

Tukiupima mraba wetu kwa kipimo hicho, twaona ya kwamba hauna kete. Miiba yake hukaa mahali pale pale kila mara, na ashindaye hushinda kwa kuizoea njia na kwa wepesi wa mkono. Haukufanana na ile michezo ya simu ambayo mtu huweka fedha akingoja bahati imzidishie au imnyang'anye. Hiyo ni kamari bayana, hata ikipambwa kwa picha ya ndege au ya matunda. Mzazi asizichanganye hizi mbili. Kwani mtoto akiambiwa ya kwamba zote ni sawa, naye ajua kwamba si sawa, hatalisadiki hata lile la haki.

Kwa hivyo twasema: mchezo huu kwa asili yake si haramu. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na alishindana mbio na Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake. Nafsi ya mtu yahitaji kupumua.

Lakini jambo la halali huharamika kwa yanayoliandama. Likimpitishia mtu wakati wa sala, au likimzuia na wajibu wake kwa wazazi na masomo, au likaingia ndani yake sharti la fedha, hukumu hugeuka. Ama muziki wake, jambo hilo lina maneno marefu baina ya wanazuoni. Mwenye kujihifadhi aizime sauti. Na ile namna itolewayo bure huja pamoja na matangazo, na mzazi hawezi kujua ni tangazo gani litakalotokea mbele ya mwanawe. Yapasa aangalie.

Ama hatari ya kupoteza wakati, shahidi wetu ni mtengenezaji wa mchezo mwenyewe. Dong Nguyen, mtu wa Vietnam, alitoa mwaka 2013 mchezo wa kindege kirukacho baina ya mabomba, jina lake Flappy Bird. Ukaenea duniani. Mwezi wa Februari mwaka 2014, wakati ule ule ulipokuwa ukimwingizia mali, aliuondoa kwa mkono wake, akaeleza ya kwamba aliutengeneza kwa dakika chache za mapumziko, nao umekuwa uraibu. Na Mtume wetu ametuhadharisha tangu zamani kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjwa ndani yake.

Na hapa lipo neno kwa wakubwa pia. Mzee abandikaye dhumna barazani tangu alasiri hata muadhini wa Isha akamkuta pale pale, hana ulimi wa kumkemea mjukuu wake. Kipimo ni kimoja, kikiwa cha simu au cha karata.

Subira ya mtoto

Sasa twaja kwenye sehemu ya pili. Husemwa sana ya kwamba watoto wa zama hizi hawana subira. Neno hili si kweli, na mchezo huu ndio ushahidi. Mtoto aangukaye mara mia nne na akanyanyuka mara mia nne, subira anayo tele. Linalotafutwa ni njia ya kuielekeza kwenye jambo lenye kudumu; kwani anapomaliza njia ya mraba, mkononi hana kitu, na lau angezitumia rejea hizo mia nne katika Suratul Mulk, angekuwa nayo kifuani mpaka kaburini.

Basi na tuulize: mchezo wamfanyia nini mtoto hata asichoke? Wamfanyia mambo manne. Humwonyesha kosa lake papo hapo. Humrudisha mwanzo bila ya kumtukana wala kumcheka. Humwandikia alipofika, ili leo ajue amepita alipokomea jana. Na upo mlango wa mazoezi, ambamo huweka alama njiani, na akianguka hurudi kwenye alama yake wala si mwanzo kabisa.

Ni lipi katika haya lililo geni katika dini yetu? Mtu mmoja aliingia msikitini akasali kwa haraka. Mtume akamwambia arudi akasali, kwani hakusali. Akarudi, akaambiwa vivyo hivyo, mara tatu. Hata alipokiri ya kwamba hajui vizuri zaidi ya hivyo, Mtume akamfundisha sala kipande kwa kipande, mpaka mwisho. Alimrudisha mwanzo mara tatu, na hakumvunja moyo hata mara moja. Na Muawiya bin al-Hakam alipozungumza ndani ya sala kwa kutojua, alisimulia baadaye ya kwamba hakupata kuona mwalimu mzuri kuliko Mtume: hakumkaripia, hakumpiga, wala hakumtukana. Na imepokewa kwa Bibi Aisha ya kwamba asomaye Qur'ani kwa kubabaika, nayo ni mazito kwake, ana ujira mara mbili. Tazameni! Kwa Mola wetu yule mwenye kujikwaa ameandikiwa zaidi, na katika baadhi ya vyuo vyetu yule mwenye kujikwaa huandikiwa bakora.

Katika nchi hii ya Kenya kiboko kilipigwa marufuku mashuleni tangu mwaka 2001. Haifai chuo cha Qur'ani kiwe ndipo mahali pa mwisho mtoto anapoogopa kukosea. Mtoto aogopaye kukosea huacha kusoma kwa sauti. Na asiyesoma kwa sauti hasahihishwi. Na asiyesahihishwa hatimaye hukimbia.

Walimu wetu wa kale walikuwa na chombo kilichoijua hekima hii: ule ubao, ambao katika dugsi za ndugu zetu Wasomali huitwa loho. Mtoto huandika, husoma, hukosea. Ubao huoshwa, akaandika upya. Ubao hauweki kinyongo.

Tunayoyausia

Kwa wazazi: mwambieni mtoto awaonyeshe mchezo wenyewe kabla ya kuukataza au kuuruhusu. Mwekeeni kadiri ijulikanayo, baada ya sala, chuo na kazi za nyumbani. Adhana ikisikika simu iwekwe chini, na ya baba pia. Usiku simu isilale na mtoto.

Kwa walimu: igaweni sura vipande vidogo, kila kipande kiwe ni alama. Mtoto akikosea, msahihisheni papo hapo na arejee alama yake, bila ya matusi wala kicheko. Kila Alkhamisi mwandikieni alipofika, na mzazi wake aonyeshwe. Aliyekosea mara kumi akaendelea asifiwe mbele ya wenzake kuliko aliyepata mara moja.

Tukifanya haya, hatutahitaji kupigana na mraba. Mtoto atacheza saa yake, kisha atakuja chuoni na subira ile ile, amkute mwalimu asiyechoka kumrudisha mwanzo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko tutakakorejea.