Vidonge vya uzazi wa mpango na saratani

Swali: Daktari, naishi Bariadi. Nimemeza vidonge vya uzazi wa mpango miaka sita. Majirani wanasema vinaleta saratani. Niache?

Jibu: Usiache kwa hofu, dada yangu. Vidonge vyenye homoni mbili huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi, nayo hupungua ukishaacha. Hukinga pia saratani ya ovari na ya ukuta wa mji wa mimba. Ila ukiwahi kuugua saratani ya matiti, tafuta njia nyingine.

Mimi naogopa zaidi virusi vya HPV, chanzo kikuu cha saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Nenda ukapimwe shingo ya kizazi kwa siki. Ni dakika chache. Ukiona uvimbe titini au damu baada ya tendo la ndoa, usingoje: wahi hospitali ya mkoa, ikibidi upewe rufaa Bugando, Mwanza.