Ruzuku ya Nishati na Uniti ya Sabini na Sita

Ruzuku ni fedha ambayo Serikali huitoa, au kodi ambayo huiacha, ili bidhaa imfikie mlaji kwa bei iliyo chini ya ile ambayo angelipa. Sehemu ya pili ya maelezo haya aghalabu husahauliwa, kwa kuwa kodi iliyoachwa haionekani katika hesabu za matumizi. Mafuta ya taa yalikuwa mfano wake hasa. Hadi mwaka 2011 yalitozwa ushuru wa shilingi 52 tu kwa lita, kwa nia ya kumpunguzia mzigo mwananchi wa kijijini mwenye kibatari. Wilayani Muleba, ambako nyumba zimetawanyika ndani ya migomba, na nguzo ya umeme haifiki nyumba moja ila kwa gharama kubwa, nia hiyo ilieleweka vyema.

Lakini mafuta ya taa na dizeli ni ndugu. Yote mawili hupatikana kwa kuchemsha mafuta ghafi katika nyuzi za joto zinazokaribiana. Yakichanganywa hayajitengi, wala jicho halitambui. Kwa kuwa dizeli ilitozwa ushuru mara kadhaa zaidi, kila lita ya mafuta ya taa iliyomiminwa ndani yake ilikuwa faida kwa mchanganyaji. Hasara ilimwangukia mwenye lori, maana mafuta ya taa ni mepesi na hayailainishi vyema pampu ya injini. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia alama maalumu ya kikemikali katika mafuta, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa hadi shilingi 400 na ushei. Faida ya udanganyifu ikafutika. Hata hivyo mwenye kibatari, ambaye hakumchanganyia mtu chochote, alilipa bei ile ile mpya. Na mkaazi wa Bukoba aliongeza juu yake nauli ya safari ya takriban kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam. Wakati huo umeme ulikuwa bado haujawafikia wengi wa vijijini. Hatua ilikuwa sahihi. Mpangilio wake ndio uliokuwa na kasoro.

Ama kuhusu umeme, ruzuku imejificha kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia inayopita Masaka na Kyaka, lakini mteja wa Bukoba alilipa bei sawa na ya mteja wa Dar es Salaam. Amri ya bei ya mwaka 2016 iliweka kundi la watumiaji wadogo, D1, wanaolipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ziada hutozwa shilingi 350. Anayevuka kiwango hicho mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ile ya kwanza, ni shilingi 292.

Na tupige hesabu, tukiweka kando kodi na tozo. Uniti 75 katika D1 ni shilingi 7,500. Uniti 76 katika T1 ni shilingi 22,192. Uniti moja imekaribia kuzidisha malipo mara tatu!

Taa na redio hazimfikishi mtu hapo. Jiko ndilo linalomfikisha. Jiko la umeme la wati 1,000 likiwaka saa tatu kwa siku, kama maharage na ndizi zinavyotaka, hula uniti 90 kwa mwezi. Kwa hiyo bei iliyokusudiwa kumsaidia maskini humwambia awashe taa kwa umeme, kisha arudi kwenye mafiga matatu, ambako sehemu kubwa ya joto la kuni hupotea hewani na moshi humwingia mpishi kifuani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo na ukuta wa uniti 75 havipatani.

Si lazima ruzuku ifutwe. Ngazi ingetosha: uniti 75 za kwanza zibaki kwa bei nafuu kwa kila kaya ndogo, na zinazofuata zipande kidogo kidogo, bila mteja kunyang'anywa zile za mwanzo. Fedha iliyopo inaweza pia kuelekezwa kwenye chombo chenyewe, yaani jiko la umeme la mgandamizo, ambalo huivisha maharage kwa sehemu ndogo tu ya umeme unaoliwa na jiko la kawaida, na hivyo humwacha mpishi wa Muleba chini ya uniti 75.