Umri wa Kigae

Katika makazi ya kale ya Kirumi huko Uingereza, sarafu yenye sura ya mtawala hutaja wakati wake. Wahunzi wa kale wa kusini mwa Ziwa Viktoria hawakuacha sarafu, waliacha vigae. Chungu cha Urewe, aina iliyoanza kufinyangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hutambuliwa kwa mdomo uliokatwa mshazari na, mara nyingi, kishimo kitakoni. Vigae hivyo vimeonekana Mwanza, mkoa uliojumuisha Geita hadi 2012. Umri hupimwa kwa makaa ya tabaka lile lile: nusu ya kaboni 14 hutoweka kila miaka 5,730 hivi. Mchimba dhahabu akitupa kigae kifusini, umbo lake bado husomeka. Makaa yake hayajulikani tena.