Majeraha ya Mifupa na Maungio: Athari Zake katika Ubongo

Mtu avunjikapo mkono, jambo la kwanza litazamwalo ni mfupa. Mfupa hupangwa, plasta ngumu hufungwa, na baada ya majuma kadhaa picha ya eksirei huonyesha kwamba mfupa umeunga. Hata hivyo, plasta iondolewapo, mkono huwa mnyonge wala hautii kama zamani. Sababu mojawapo ni kukonda kwa misuli. Sababu nyingine haionekani katika eksirei, kwani imo ubongoni.

Ubongo na viungo huwasiliana kwa njia mbili. Amri za kujongea hutoka katika tabaka la nje la ubongo, hupitia uti wa mgongo na kufika kwenye misuli. Wakati huohuo, vipokezi vilivyomo katika misuli, kano na maungio huupasha ubongo habari za mahali kiungo kilipo. Mwaka 1937 Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal, Kanada, walichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi sehemu mbalimbali za mwili zinavyowakilishwa katika tabaka hilo.

Uwakilishi huo hubadilika kulingana na matumizi. Mwaka 2012 watafiti wa Zurich, Uswisi, walieleza habari za watu 10 watumiao mkono wa kulia, ambao mkono huo uliumia ukafungwa. Baada ya siku 16 hivi, tabaka la ubongo upande wa kushoto, uongozao mkono wa kulia, lilikuwa limepungua unene. Upande wa kulia, uongozao mkono uliobaki ukifanya kazi zote, liliongezeka.

Goti nalo hutoa funzo. Likivimba, habari zitokazo kwenye vipokezi vyake hubadilika, na amri ziendazo kwenye msuli wa mbele ya paja huzuiwa, ijapokuwa msuli wenyewe haukujeruhiwa. Majeruhi huchechemea, na kuchechemea kwaweza kuwa mazoea hata baada ya maumivu kwisha.

Je, ubongo waweza kusaidiwa kiungo kingali kimefungwa? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, watu wenye afya walifungwa kifundo cha mkono kwa majuma 4. Waliokaa bila zoezi walipoteza asilimia 45 ya nguvu za kifundo hicho. Walioelekezwa kuwaza, siku 5 kwa juma, kwamba wanaikaza misuli yake walipoteza asilimia 24 tu.

Basi kuondolewa plasta si mwisho wa tiba. Mazoezi yaongozwayo na mtaalamu huimarisha misuli na kuufundisha ubongo upya. Mwalimu wa michezo asimrudishe mwanafunzi uwanjani kwa sababu tu maumivu yamekwisha. Nguvu, mizani na wepesi wa kiungo havina budi kurejea kwanza.

Jaribio: Mwanafunzi asiye na jeraha asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mwenzake akiwa tayari kumshika. Ahesabiwe sekunde macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Matokeo yalinganishwe.

Maswali
1. Macho yafumbwapo, ubongo hutegemea habari zipi ili mwili usianguke?
2. Kwa nini msuli usiojeruhiwa waweza kudhoofika goti livimbapo?